Jeshi la Mtunza Stoo

Mume wangu alikuwa na mafuta mengi kuliko jeshi lolote lililowahi kupita jangwani, na yote yalikuwa ndani ya kompyuta iliyokuwa chumba cha nyuma, karibu na bafu. Alikuwa na mafuta, alikuwa na maji, alikuwa na risasi, alikuwa na vyakula vya makopo. Nimeviona mwenyewe, vimeandikwa kwa rangi ya kijani kwenye kioo cheusi. Alichokosa ni askari hata mmoja aliyesogea hatua moja mbele kwa miezi saba.

Nieleze kwanza ni mtu wa namna gani, asije akaonekana mbaya, maana si mbaya. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtunza stoo wa kampuni ya kujenga barabara. Mtaani wanamwita Stoo, na watoto wa jirani humwamkia, "Shikamoo Stoo," naye huitikia kama ndilo jina alilopewa siku aliyozaliwa. Makoleo, matairi, glavu, grisi, boliti za kila saizi, vyote vilipita mikononi mwake, na hakuna kilichotoka bila fomu ya kuombea vifaa, nakala tatu, na karatasi ya kaboni katikati. Watu walisema ana mkono wa birika. Mimi nilijua sababu.

Alipokuwa bado mgeni kazini alikuja dereva mmoja saa sita mchana, jasho linamtiririka, akasema greda limekwama mbali huko na watu hawana maji, apewe pipa la dizeli upesi, karatasi itafuata. Mume wangu akamhurumia, akatoa. Karatasi haikufuata. Pipa halikuonekana tena, na dereva naye hivyo hivyo. Mume wangu akasimamishwa kazi miezi minne, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Waliporidhika kwamba hakuiba walimrudisha, lakini aliyerudi kazini alikuwa mtu mwingine. Tangu hapo hata meneja akitaka balbu ya ofisini kwake ilibidi aandike.

Kompyuta tuliipata kampuni ilipoleta mpya na kuwaambia wafanyakazi wachukue za zamani. Hiyo yetu ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Mpima barabara mmoja aliyekuwa anahama alimwachia diski za mchezo wa vita na kitabu chake kinene. Walikuwa wakiucheza pamoja ofisini wakati wa mvua, kazi zikisimama. Nilimuuliza mume wangu kitu gani kimempendeza kwenye mchezo usio hata na rangi, vijisanduku tu vinasogea juu ya nukta nukta. Akaniambia, "Michezo mingine yote ni kupiga. Huu una stoo."

Kitabu kinasema vita hivyo vilipiganwa kweli, zamani, kabla mimi sijazaliwa. Majeshi mawili ya vifaru yakifukuzana jangwani, leo huyu anakwenda mbele, kesho anarudishwa, na mara nyingi aliyeshindwa alishindwa si kwa kukosa ushujaa bali kwa kuishiwa mafuta njiani. Mume wangu alipiga mstari chini ya maneno hayo kwa kalamu nyekundu. Sijui mpima barabara aliyaelewaje maneno yale. Mume wangu aliyaelewa hivi: usitoe.

Basi kila Jumamosi mchana, mdogo wake, yule shemeji yangu anayeendesha malori ya safari ndefu, akiwa hayuko njiani alikuja wakacheza. Kila mmoja ana bandari yake, moja upande huu wa mchanga na nyingine upande ule. Mmoja anaingia chumbani anatoa amri zake, mwenzake anasubiri ukumbini, kwenye ujia wa nje ya mlango, ili asichungulie. Kisha mashine inakaa inafikiri dakika ishirini, inanguruma kama tumbo la mtu mwenye njaa, na wiki moja ya vita inapita. Vita haviishi mpaka mmoja aingie bandari ya mwenzake.

Shemeji anacheza kama anavyoendesha. Anajaza tangi, anakanyaga mafuta, anafika karibu na bandari ya kaka yake, anaishiwa, anarudi kwa aibu. Mume wangu anakaa tu. Kwa miaka kumi na minane hakuna aliyewahi kuingia kwa mwenzake. Wakichoka walikuwa wanazima na kuanza upya.

"Sijawahi kushindwa," mume wangu husema.

"Wala hujawahi kutoka nyumbani, kaka," shemeji humjibu.

Safari hii hawakuzima, kwa sababu sehemu ya kuwekea diski ilikufa mara tu baada ya kuanza. Mashine ikizimika mchezo unapotea, na kuuingiza upya haiwezekani. Shemeji akafunga betri ya lori chini ya meza, umeme ukikatika vita viendelee. Mume wangu akasema hivi ndivyo vita vya mwisho na vitaishia pale vitakapoishia. Na mimi, kwa ujinga wangu, niliapa. Mwaka mwingine huko nyuma nilichomoa waya ili nifagie, akasusa chakula siku mbili, na katika kumbembeleza nikaapa mbele ya Mungu kwamba sitagusa tena waya wa mashine ile. Mtu akiapa ameapa. Nilijifunga mwenyewe.

Jumapili moja tumetoka kusali, binti yetu wa mwisho akapiga simu. Ana mimba ya miezi saba na presha ilikuwa imepanda. Daktari alimwambia alale tu mpaka siku ya kujifungua, asipande ngazi, asikae penye kelele. Yeye anaishi ghorofa ya nne na mume wake yuko mbali kikazi.

"Mama, nitakuja Ijumaa asubuhi," akasema. "Kuna nafasi?"

"Nafasi ipo," nikamjibu, huku natazama mlango wa chumba cha nyuma.

Nyumba yetu ina chumba chetu, ambacho kiko juu, ngazi kumi na mbili za zege. Ina sebule, ambayo mlango wake unatazamana na karakana ya seremala, na msumeno haunyamazi tangu asubuhi. Na ina chumba cha nyuma, kimya, kipo chini, hatua tatu kufika bafuni. Ndani yake kuna meza pana, mashine, betri, ramani iliyobandikwa ukutani, na rafu zenye mabunda ya fomu za zamani ambazo kampuni ilitaka kuzichoma akaziokoa.

"Kitanda kitakaa pale ilipo meza," nikamwambia mume wangu.

"Pale pana vita."

"Baba watoto, mwanao ni mgonjwa."

"Nimesikia. Nitampisha kitanda chetu, mimi nitalala chini."

"Kiko juu. Ameambiwa asipande ngazi."

Akafikiri. "Tutambeba."

"Kila akitaka kwenda bafuni?"

Nikamwambia azime basi. Aliniangalia kama nimemwambia amzike mtu ambaye bado anapumua. Akasema Ijumaa bado iko mbali, vita vinaweza kuisha kabla. Nikamwambia miezi saba havijaisha, vitaishaje kwa siku nne na hakuna anayesogea. Akachukua kitabu akajifunika nacho uso.

Jumatatu nilimwita shemeji. Kwa bahati lori lake lilikuwa gereji. Alikuja, akasikiliza, akaingia chumba cha nyuma mikono mfukoni.

"Kaka, mimi najisalimisha. Umeshinda. Tubebe meza."

"Huwezi kujisalimisha. Ukurasa wa arobaini na moja. Vita vinaisha kwa kuingia bandarini tu."

"Basi njoo uingie. Nitakuachia njia."

Mume wangu akasimama. Si mtu wa kupaza sauti, na hakupaza. "Miaka kumi na minane unanicheka mbele ya mke wangu, leo uniachie njia? Utaapa hapa hapa kwamba utacheza kwa haki."

"Kaka, kuna mtoto anakuja kulala."

"Apa."

Shemeji akanigeukia mimi. Nikainua mabega. Akaapa. Nikawaza, sasa tumekuwa wawili waliofungwa kwa viapo katika nyumba hii, na anayeshika funguo anasoma kitabu.

Jumanne, baada ya kufua, nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilivuta kigoda nikakaa karibu yake mbele ya kile kioo. Niliacha shule darasa la saba, lakini kusoma najua, na hesabu za stoo nimezisikia maisha yangu yote. Nikamuuliza vile vijisanduku ni nini. Akafurahi, masikini, akanielezea kila kimoja: hiki kikosi cha kwanza cha vifaru, hiki cha pili, hiki cha tatu, hawa ni wa mizinga, hawa wanalinda bandari. Akibonyeza, yanatokea maandishi: mafuta, maji, risasi.

"Hiki cha tatu," nikasema, "mafuta yake mbona ni kidogo hivi?"

"Ndiyo posho ya kawaida. Inatosha kukaa."

"Na stoo?"

Akabonyeza. Kwa kweli nilishtuka. Namba ilikuwa ndefu mpaka ikagusa ukingo wa kioo.

"Sasa hawa hawaendi mbele kwa nini, na mafuta yapo?"

"Hawajaomba," akanijibu.

Nilidhani anatania. Nikamtazama, hakuwa anatania.

"Wataombaje, mume wangu? Hivi ni vijisanduku."

"Hilo ndilo tatizo la mchezo huu," akasema kwa masikitiko, kama fundi anayelalamikia chombo kibovu. "Umewekewa stoo, haukuwekewa fomu. Mtu unatoaje lita elfu kumi bila karatasi? Wakija kuuliza, unaonyesha nini?"

"Nani atakuja kuuliza?"

Nilitoka nikaenda kuanua nguo, na kule kambani niliongea na Mungu kwa sauti ya chini. Nilimwambia nimechoka. Nilimwambia mwanamume uliyenipa hajawahi kunipiga, hajawahi kunilaza njaa, lakini leo anamkosesha mwanangu chumba kwa sababu ya askari ambao hawajui kuandika. Nikaomba subira, nikapewa kidogo. Halafu, nikiwa bado nimeshika shuka, likanijia wazo, nami nikalichukua kama jibu. Kama hawajui kuandika, mimi najua.

Nilirudi, nikateremsha bunda moja la fomu kwenye rafu, nikapuliza vumbi, nikapanga karatasi za kaboni, nikakaa meza ya jikoni. Mwombaji: Kamanda, Kikosi cha Tatu cha Vifaru. Kifaa kinachoombwa: mafuta. Kiasi: lita elfu kumi. Kazi: kwenda mbele. Nikampelekea.

Aliisoma polepole, kidole kinafuata mistari. Nikaona macho yake yanabadilika, yanakuwa yale ya dirishani kwake kazini.

"Kiasi hujaandika kwa maneno. Umeandika kwa tarakimu tu."

Nikarudi jikoni, nikaandika.

"Tarehe hii ni ya leo. Vita viko mwezi wa kumi na moja."

Nikarudi, nikabadilisha.

"Huwezi kufuta kwenye fomu. Chukua nyingine."

Jamani, nilitamani kulia. Nikachukua nyingine. Safari ya nne akasema sehemu ya aliyeidhinisha iko wazi. Nikamuuliza nani anaidhinisha. Akasema mkuu wa jeshi.

"Mkuu wa jeshi si wewe?"

"Mimi ni stoo," akasema.

Nikaichukua kalamu nikasaini mimi. Toka siku hiyo mimi ndiye mkuu wa jeshi, na hakuna aliyenipigia saluti. Aliitazama ile saini, akaitazama tena, kisha akafungua droo, akatoa muhuri wake wa zamani, akaugonga. Akachana nakala ya njano akanipa, ya pinki akaiweka kwenye faili. Kisha akageukia kibodi, akabonyeza, na namba ya Kikosi cha Tatu ikapanda.

Usiku nililala usingizi wa pono. Jumatano nikaandika fomu tangu asubuhi mpaka vidole vikawa bluu. Kikosi cha kwanza, mafuta na maji. Cha pili, hivyo hivyo. Mizinga, risasi. Kila moja nakala tatu, kila moja kiasi kwa maneno. Yeye anakagua, anagonga muhuri, anatoa. Lazima nikiri kwamba alikuwa mzuri kwa kazi ile, hakosei hata lita moja, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama zamani. Shemeji alikuja, akatoa amri zake, mashine ikanguruma, akaingia kutazama, akatoka haraka.

"Shemeji, kuna nini humu? Vifaru vya kaka viko nusu ya jangwa."

"Vimeomba," nikamwambia.

Kufikia Jumatano jioni vilikuwa vimevuka robo tatu ya mchanga. Mume wangu alikula vizuri. Akaniambia huenda kesho, saa nane hivi, ataingia bandari ya mdogo wake. Mimi nilifikiria kitanda tu. Nilishamwomba seremala wa ng'ambo aje Alhamisi alasiri kutusaidia kubeba meza.

Alhamisi nilitoa fomu za mwisho: vikosi vyote vitatu, mafuta ya kuingilia. Akayatoa. Stoo ikabaki na maji mengi na mafuta kidogo. Shemeji akaingia kwa zamu yake. Alikaa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akafungua mlango nusu akatoa kichwa.

"Kaka, njoo uone kitu."

"Huruhusiwi kunionyesha."

"Njoo tu. Walinzi wa bandari yako hawana maji. Wamekaa wiki tatu bila maji, kijisanduku chao kinapepesa. Nina magari manne nilikuwa nimeyaficha kusini, nilitaka tu kukusumbua kwa nyuma. Nikiyasogeza, naingia."

Mume wangu akanigeukia. Nami nikaangalia nakala zangu za njano, zote, moja baada ya nyingine. Kikosi cha kwanza, cha pili, cha tatu, mizinga. Hakuna ya walinzi wa bandari. Posho yao ya kawaida alikuwa akiitoa kila wiki hapo mwanzo, lakini tangu nianze kuandika yeye alitoa kilichoandikwa tu, wala hakuona ajabu.

"Bandari haikuomba," akasema.

"Nilisahau," nikasema. "Wale si wa kwenda mbele."

"Maji yalikuwa yamejaa pale pale walipo," akasema. "Kwenye stoo ya bandarini. Wanalinda mlango wa stoo."

"Na wewe ulikuwa unawaona kila siku."

"Nilikuwa nawaona."

Msumeno wa seremala ukanyamaza, nikajua anafunga aje kwetu. Shemeji akapangusa mikono kwenye suruali.

"Kaka, nikae? Nisubiri wiki moja, uwape maji, tuone nani anafika kwanza?"

Niliwaza, wiki moja ya vita ni zamu moja, na dakika ishirini, na nyingine, na nyingine, na kesho asubuhi mwanangu anashuka kwenye gari miguu imevimba. Nilizishika tu zile nakala za njano.

Mume wangu alivuta pumzi kupitia puani, kama afanyavyo akifunga hesabu ya mwisho wa mwaka. "Uliapa," akamwambia mdogo wake. "Ingia."

Shemeji akaingia. Mashine ikafikiri dakika zake ishirini, sisi watatu na seremala tumesimama ukumbini kama watu wanaosubiri matokeo ya hospitali. Kisha likatokea neno moja la kijani katikati ya kioo, na vijisanduku vyote vikasimama. Vita vilikuwa vimekwisha, saa kumi kasoro, na mtunza stoo alikuwa ameshindwa kwa mara ya kwanza maishani, akiwa na maji ya kutosha mji mzima.

Alichomoa waya yeye mwenyewe. Betri alisaidiwa na mdogo wake, ambaye hakufungua mdomo kumtania, na ninamshukuru kwa hilo. Seremala alibeba meza. Nilifagia, nikapiga deki, nikatandika shuka zile nyeupe, na Ijumaa saa tatu binti yetu akaingia taratibu, akakaa, akalala, akasema chumba kina ubaridi mzuri.

"Hiki si ndicho chumba cha vita cha baba?" akauliza.

"Vimeisha."

"Nani ameshinda?"

"Baba yako mdogo."

Akacheka mpaka nikamwambia aache, asipandishe presha. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni na mto wa ziada. Akauweka chini ya miguu yake, akaupanga vizuri, akaondoka.

Leo ni siku ya kumi na tisa. Presha imeshuka kidogo, mtoto anacheza, daktari amesema tuendelee hivi hivi, nami nasali asubuhi na jioni. Mume wangu hana kinyongo na mdogo wake. Kinyongo anacho na mimi. Juzi wakati wa kula aliniambia kwamba katika miaka yote ya kazi hajawahi kuona mkuu anayeidhinisha mafuta bila kukagua mahitaji ya vituo vyote. Nikamwambia asamehe, nilikuwa mgeni kazini. Akasema ugeni si sababu.

Mashine yenyewe hatujui kama itawaka tena. Imekaa ukumbini, imefunikwa kitambaa, kwa kuwa hakuna pengine pa kuiweka, na ukumbi wetu ni mwembamba. Kila nikipita na beseni la maji ya kumwogesha binti yangu nagonga nyonga kwenye kona yake. Na kila nikigonga, sauti inatoka sebuleni kuuliza kama mashine imeumia.